Mfungue huyo dada kamba kwanza

Hapana mkuu. Hapana. Umesema mwenyewe riwaya yako inamhusu mama ntilie wa Tandale ambaye mweka hazina wa kikoba chao kakimbia na hela, halafu ukurasa wa kwanza unatuwekea mwanamke kafungwa kwenye kiti, damu inamchuruzika. Huyo ni nani? Kikoba gani hicho?

Nauliza kwa uchungu kwa sababu mimi nilianza na maiti. Hadithi yangu ilikuwa ya ndugu wawili wa Newala wanaogombea mikorosho ya marehemu baba yao, basi. Nikajiunga na darasa la uandishi la WhatsApp, elfu thelathini, mwalimu akatuambia msomaji asipoona damu aya ya kwanza anafunga kitabu. Nilikuja kujua nimeshalipa kwamba mwalimu mwenyewe hajawahi kumaliza hata hadithi ya kurasa kumi. Ila mdomo anao! Yule angekuuzia kiwanja baharini.

Nikaitupa maiti ufukweni Kigamboni. Sasa ona maiti inavyomla mtu. Maiti inataka polisi. Polisi anataka jina la marehemu, anataka mochwari, anataka mshukiwa. Nikabuni inspekta. Inspekta hawezi kukaa bure, nikampa mchepuko. Kufika sura ya tisa wale ndugu wa Newala hawajaonekana tangu ya tatu, korosho zinaozea ghalani. Mwisho nikasema marehemu alikuwa mnunuzi wa korosho, hivyohivyo, kiraka cha kitenge kwenye suti. Nikachapisha nakala 300 kwa milioni moja na laki nane, tena za mkopo. Zimeuzwa 41, na humo wamo mashemeji. Waliopenda polisi walichoshwa na mikorosho. Wa mikorosho hawakufika huko. Zilizobaki ziko chini ya kitanda, na kusema kweli kitanda hakijawahi kutulia hivi.

Sasa nina kipimo kimoja tu: chukua tukio lako la kwanza, badilisha majina, lipeleke kwenye riwaya ya mtu mwingine. Likikaa bila kulalamika, futa. Mvua ya usiku wa manane inahama. Honi nje ya geti la jumba la Masaki inahama. "Alishtuka usingizini jasho likimtoka" ndiyo haina hata kwao. Na usiniletee habari za paukwa pakawa kwamba nayo ni ileile kila siku. Bibi akishaitikiwa tu, hapohapo sungura ana kiu na kisima kina mwenyewe.

Yangu nimeiandika upya. Inaanzia chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa korosho: mdogo mtu kaja kuulizia malipo ya mnada, karani hanyanyui hata macho, anamwambia hela iliingia benki wiki iliyopita, kwa kaka yako. Aya mbili. Ihamishie Tandale uone kama itakwenda.

Na wewe una mali kuliko mimi! Sanduku la kikoba lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na bado hela haipo. Nani alimfungulia mweka hazina? Umelikalia hilo unatuletea kamba?

Ulivyouliza sura ya kwanza iwe kurasa ngapi, sijui, zikiisha zimeisha. Weka mwanzo mpya hapa tuusome, na huyo dada mfungue aende kwao.