Mkrismasi au mjakaranda, kabla haujatoa maua

Pole kwa kuuziwa miche isiyo na jina, hata unauliza kama ni mkrismasi au mjakaranda. Mkrismasi (ule wa maua mekundu) na mjakaranda (wa maua ya zambarau) hufanana sana ikiwa midogo, kwa kuwa yote miwili ina majani yaliyochanika kama unyoya. Usihangaike na umbo la jani zima. Angalia linapoota kwenye tawi. Kwa mjakaranda majani hutoka mawili mawili, yakitazamana. Kwa mkrismasi hupishana, moja huku, jingine mbele kidogo upande wa pili. Kisha shika vile vijani vidogo vidogo vinavyounda kila jani: vya mjakaranda vina ncha iliyochongoka, na kile cha mwishoni mara nyingi ni kirefu kuliko wenzake. Vya mkrismasi vina ncha butu, ya duara.

Kama unaweza kuuona mti mama, umemaliza kazi. Ganda la mkrismasi ni refu, jeusi na gumu, hufika hata sentimita 60. La mjakaranda ni bapa, la mviringo, linaenea kiganjani, na mbegu zake ni nyepesi zenye utando, zinapeperuka.

Tafadhali hakikisha kabla ya kupanda karibu na nyumba. Mizizi ya mkrismasi hutambaa juu juu na ina nguvu ya kuinua sakafu na kupasua ukuta, na kivuli chake hutanuka sana. Huo upe uwanja. Ukishapiga picha ya tawi, siyo ya jani peke yake, iweke hapa tuitazame.