Vibandiko vya kielektroniki: majibu kwa wasomaji

Nanunua katoni kuukuu Kibuye, Kisumu. Nyingine zina kibandiko chenye kitu kinachong'aa ndani. Kiwandani watazikataa?

Kwa kibandiko kimoja kimoja, sidhani. Kiinue juani utaona utepe mwembamba wa alumini au shaba uliokunjwakunjwa, na katikati kijidoa cheusi kidogo kuliko punje ya mchele. Kijidoa ni chipu, utepe ni antena. Katoni ikirowekwa na kupondwa kuwa rojo, vipande hivyo hunaswa kwenye chujio. Mkorofi ni gundi. Ikipata joto hulainika, ikapenya chujio na kutia madoa karatasi mpya, au hata kuikata ikiwa mashineni. Na kilichonaswa kwenye chujio huishia jaani, alumini yake ikiwa imepotea hivyo hivyo. Kibandue ukiwa unapanga mafungu, hata kama kitatoka na ngozi ya katoni.

Mimi nayeyusha alumini ya sufuria hapa Nakuru. Hiyo shaba ya vibandiko itaniharibia kazi?

Shaba ikishaingia kwenye alumini iliyoyeyuka haitoki, fundi, na alumini yenye shaba nyingi huliwa na kutu upesi. Wenzako wa chuma nao wana shida hiyo hiyo: shaba hubaki ndani, na chuma hupasuka kikifuliwa kikiwa moto. Lakini kibandiko kina shaba kiduchu mno. Adui yako mkubwa ni waya za mota za zamani. Chambua hizo kwanza.

Nauza mitumba Kakamega. Wateja wanaogopa lebo yenye chipu kwenye jaketi kwamba inawafuatilia.

Waambie watulie, mama. Haina betri; huamka tu ikipigwa na mawimbi ya mashine ya kuisoma, na hata zile za masafa marefu husomwa umbali wa mita chache tu. Wakitaka waikate, lakini isitiwe jikoni: ni plastiki, na moshi wake si wa kuvuta.

Na vile vidude vya kufuatilia funguo na mizigo?

Hivyo ndivyo vya kuogopa. Vingi vina betri ya litiamu ya duara, bapa kama sarafu. Betri za litiamu zikipondwa kwenye lori la taka zinaweza kuwaka, na mtoto akimeza ya duara, inaweza kumchoma koo vibaya ndani ya saa 2 tu. Mkimbize hospitali bila kungoja dalili. Kabla ya kutupa kidude, toa betri yake, ifunge kwa selotepu pande zote mbili, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Isifike jaa la Gioto, kule Nakuru.