Nani kaimba? Maswali yenu kuhusu nyimbo za injili mtandaoni

Maswali mengi ya vijana safari hii yanahusu muziki: wapi upatikane, ushewe vipi, nani mwenye haki. Nimechagua machache.

Bwana asifiwe mwalimu. Kila nikifungua YouTube napewa waimbaji walewale. Nataka kujua kwaya nyingine ila sijui nianzie wapi. (Kijana, Tabora)

Amina. YouTube ni kama mama lishe aliyekuona ukiagiza wali maharage siku tatu mfululizo. Ya nne hakuulizi. Ukiandika "nyimbo za injili" utaletewa wenye watazamaji wengi tu. Andika mji na neno kwaya: kwaya Kigoma, kwaya Bukoba, kwaya Bukavu. Ukipata wimbo uliokugusa, fungua maelezo yaliyo chini ya video. Kwaya zetu nyingi huandika hapo usharika wao, mwalimu aliyetunga na studio iliyorekodi. Hiyo studio ndiyo njia ya mkato. Tafuta jina lake, utakuta imerekodi kwaya kadhaa za ukanda huohuo ambazo hujawahi kuzisikia.

Zabron Singers wanatoka Kahama, majirani zako. Ambassadors of Christ wako Kigali, nao wanaimba Kiswahili. Lakini mimi bado naamini watu kuliko mashine. Ukienda kwenye mkutano wa vyama vya wanafunzi Wakristo kama UKWATA au CASFETA, muulize kila mwenzako kwaya ya kwao ni ipi. Wimbo ulioletewa na mtu unakuja na habari zake.

Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu wetu wa kwaya amehamishwa, tumebaki bila nota. Mtandaoni zipo? (Muimba besi, Iringa)

Milele amina. Zipo tele. Tovuti ya Swahili Music Notes imekusanya nota za watunzi wengi wa Kikatoliki, unazipakua kwa PDF, na nyimbo nyingine zina midi, yaani faili ambalo kompyuta inalipiga kwa kufuata nota. Ifungue hiyo midi kwa programu kama MuseScore. Ikiwa sauti zimetenganishwa, unazinyamazisha tatu unabaki na besi yako. Mkichapa nakala, jina la mtunzi libaki juu ya ukurasa. Kuna tabia mbaya ya kulikata ili karatasi itoshe.

Kwaya yetu ya vijana iliimba "Yesu kwetu ni rafiki", tukaipandisha YouTube, mara tukapata dai la hakimiliki. Wimbo huu si wa zamani? Nani anatudai? (Katibu wa kwaya, Mbeya)

Katibu, hapa nitakaa kidogo, maana wengi wamekwama palepale.

Wimbo mmoja una wenyewe kadhaa. Maneno ya awali aliyaandika Joseph Scriven mwaka 1855, akafariki 1886. Tuni ni ya Charles Converse, ya mwaka 1868, naye alifariki 1918. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo hao wawili hawawadai kitu. Tafsiri au mpangilio mpya wa sauti ni kazi ya mtu mwingine, na rekodi ni mali nyingine tena.

Nahisi mliimba juu ya biti mliyoipakua, yaani muziki mtupu usio na waimbaji. Wengi hufanya hivyo kwa sababu imeandikwa "bure", kumbe masharti yanasema bure kwa mazoezi, au kwa asiyetafuta faida. Wenye rekodi huiwekea YouTube nakala za sauti zao, na mtambo uitwao Content ID unalinganisha kila video inayopandishwa. Haukusikia sauti zenu. Ulisikia kinanda cha ile biti.

Msiogope lakini. Dai si onyo. Kwenye dai, mara nyingi video hubaki, ila fedha za matangazo zinakwenda kwa aliyedai, au video inafungwa katika nchi fulani. Onyo ndilo zito: yakifika matatu ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufutwa. Kama biti ni yenu kweli, pingeni. Aliyedai ana siku 30 za kujibu. Kama si yenu, msipinge kwa hoja kwamba hii ni kazi ya Mungu. Na aliyepiga kile kinanda huenda naye ni mtumishi, na ana watoto wa kusomesha. Mwiteni kijana wenu wa kinanda, mrekodi upya. Zile mlizotunga wenyewe zisajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla hazijasambaa, si baada ya kuzisikia kwa wengine.

Bando langu ni la kuungaunga. Nifanyeje nisikilize kila siku? (Mwanafunzi wa chuo, Dodoma)

Acha kutazama video ya wimbo ambao hata huiangalii. Sauti peke yake, ya ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde, inakula takriban MB 1 kwa dakika. Video safi inakula mara nyingi ya hapo. Boomplay na Audiomack zina njia ya kuhifadhi nyimbo, ukipata Wi-Fi ya chuo jaza za wiki nzima. Mdundo, iliyoanzia Kenya, inakupa upakue bure nyimbo za wasanii waliokubaliana nayo, ukivumilia tangazo. Zile tovuti za kugeuza YouTube kuwa mp3 ziache: mwimbaji hapati kitu, na simu yako inaweza kupata virusi.

Mwanangu wa kidato cha tatu anasikiliza nyimbo anazodai ni za injili, lakini mdundo ni amapiano mtupu. Nimzuie? (Mama, Morogoro)

Mama, usianzie kwenye mdundo. Ngoma tunazopiga leo kanisani zilikataliwa na wamisionari wengi. Kwa Wakatoliki zilipata nafasi hasa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965. Mwambie akuandikie maneno ya wimbo mmoja, wote, kwa mkono, kisha msome pamoja. Kama hakuna kitu mle ndani atakiona mwenyewe kabla hujasema. Ila jiandae: anaweza kukuomba nawe uandike moja la mapambio ya ujana wetu, na yapo yenye mistari miwili tu iliyorudiwa mpaka watu wakaishiwa pumzi.

Naweka nyimbo status ya WhatsApp kila asubuhi. Rafiki yangu ameniambia amenizima asizione. Nimeumia. (Dada, Arusha)

Pole. Unaweka ngapi? Video ya dakika tano iliyokatwa vipande vipande haimalizwi na mtu, hata mchungaji. Weka kipande kimoja, mara moja au mbili kwa wiki, na chini yake andika nani kaimba, wa wapi, na mstari gani ulikushika. Kisha tia linki ya chaneli yao wenyewe. Hakikisha ni yao: chaneli yenye nyimbo za waimbaji hamsini tofauti na "mix" za saa tatu kwa kawaida ni ya mtu anayepakia vya wenzake. Huyo rafiki mtumie wimbo mmoja peke yake, faragha, unaojua utamfaa.