Ukipanda jukwaani usianze kwa kuomba radhi

Juzi mdogo wangu mmoja wa Mkoani, kule Pemba, kaniandikia: "Kaka, nina nyimbo sita nimezitunga mwenyewe, nimealikwa kuimba Ijumaa ijayo, na kila nikiifikiria maiki mikono inanitoka jasho." Jibu langu limekuwa refu, nikaona niliweke hapa, maana najua wengi mmo safari hiyo hiyo.

Mimi nilianguka mbele za watu, juu ya paa la hoteli moja ya Mji Mkongwe. Gitaa nililiacha chumba chenye kiyoyozi mpaka dakika ya mwisho, nikalitoa kwenye joto la kaskazi, nyuzi zote zikahama. Watu wanakula pweza, mimi nimeinama nakaza, nimewapa utosi. Nikawaambia, "Mniwie radhi, leo mafua yamenibana." Mafua sikuwa nayo. Nikaanza kueleza wimbo wa kwanza niliutungaje, maelezo yakawa marefu kuliko wimbo. Beti zenyewe nilizisoma kwenye simu. Ubeti wa pili kioo kikazima, nikanyamaza. Mpaka leo nausikia mlio wa kijiko kwenye sahani. Mwenye hoteli akanipa nusu ya tulichopatana, na sijamaliza ngazi keshafungulia rikodi. Miaka minne sasa, bado linaniuma.

Basi litoe gitaa nusu saa kabla, lizoee hewa ya pale, ndipo ukaze. Beti zikae kichwani. Umetunga mwenyewe halafu unasoma, nani atakuamini? Na radhi usiombe.

Lakini kubwa kuliko yote ni neno. Baada ya usiku ule nilikaa miezi mitatu naimba barazani kwetu kila baada ya laasiri, bila ya maiki. Mzee mmoja wa pale kwenye bao akaniambia, "Mwanangu, neno la mwisho unalimeza." Kweli. Kila mshororo pumzi ilinikatikia mwishoni, na kina kinakaa hapo hapo! Nikajifunza kuvuta pumzi kabla ya mshororo, si katikati. Siti binti Saad, yule mwimbaji wetu wa taarabu wa zamani, kabla hajaenda Bombay kurikodi mwaka 1928, alitembeza vyungu huku akiimba njiani. Njiani hakuna fundi mitambo wa kukupandishia sauti. Aliye ndani ama kakusikia, ama chungu hakinunuliwi.

Watu wetu wanasikiliza maneno, jamani. Kwenye taarabu mtu hainuki kwenda kutunza kwa sababu ya spika kubwa, huinuka kwa sababu neno limemgusa. Anayelimeza neno lake anawadharau waliotoka majumbani kuja kumsikiliza. Mwezi uliopita, kwenye harusi, mama mmoja alitoka nyuma kabisa, akaja taratibu, akaniwekea elfu kumi begani. Nilikuwa nipo kwenye kina cha ubeti wa tatu.

Mdogo wangu, Ijumaa nina kazi huku Unguja, sitaweza kuvuka. Simama barazani kwenu, jirikodi beti mbili kwa simu, uniletee. Nitasikiliza mwisho wa mishororo tu.