Udadisi bila umbea

Ndugu, umesema umehamia Tanga kikazi na unaogopa kuuliza watu maswali usije ukaonekana mbea. Mbea huuliza habari za mtu asiyekuwepo. Wewe muulize aliye mbele yako kuhusu kazi anayoijua. Na huko una bahati: mkonge uliletwa tangu mwaka 1893, na wazee waliofanya kazi mashambani bado wapo. Baada ya shikamoo, muulize mmoja jani la mkonge linavyogeuka kuwa singa (nyuzi zake), nani alikata, nani alianika. Akijibu, usirukie hadithi yako. Swali la pili litoke kwenye jibu lake (hapo ndipo wengi hukwama). Mshahara na ndoa viache mpaka avitaje mwenyewe. Simu iweke mfukoni.