Umesuasua mazoezini? Jipime kwa kilomita 3 peke yako

Mtu aliyekimbia wiki mbili, akapata mafua, akarudi siku nne, kazi zikambana, akapotea wiki tatu kisha akarudi tena, huwa na swali moja tu: kwa sasa niko wapi? Jibu analojipa mara nyingi amelichota kwenye muda wake bora wa mwaka jana. Muda huo ni kama picha ya kitambulisho cha zamani. Sura ni yako, ila anayekagua anakutazama mara mbili.

Ubaya wa kutumia muda wa zamani si aibu ya kushindwa kuufikia. Ubaya ni kwamba kasi zote za mazoezi zinapangwa juu yake. Mbio zilizotakiwa kuwa nyepesi zinakuwa za kuhema, za kati zinakuwa mashindano, na baada ya siku kumi shavu la mguu au kano ya kisigino inaanza kulia. Pumzi hurudi mapema kuliko kano, na hapo ndipo wengi wanaumia. Kwa hiyo jaribio la muda, yaani kukimbia umbali uliopimwa kwa uwezo wako wote huku saa ikihesabu, linafanywa kwa sababu moja: kupata namba ya leo ya kupangia mazoezi ya wiki nne hadi sita zijazo.

Kabla ya kufikiria saa, uwe umekimbia wiki tatu mfululizo, angalau mara tatu kwa wiki, hata kama ni dakika 30 tu kila mara. Chini ya hapo hupimi chochote zaidi ya uvumilivu wa maumivu. Aliyetoka kuugua malaria asubiri zaidi: malaria huharibu chembe nyekundu za damu, na damu ikiwa pungufu, homa inaweza kuwa imekwisha huku pumzi bado ni ya mgonjwa. Anayefunga Ramadhani asijipime akiwa na kiu ya mchana kutwa. Apishe mwezi uishe na arejee mazoezini kwanza. Na mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu akikimbia aanzie kwa daktari.

Umbali unaofaa ni kilomita 3. Kilomita 10 zinadai miguu ambayo kwa sasa huna, na zitakulaza siku nne. Kilomita 5 zinawezekana, lakini kwa mtu aliyesuasua, mbili za mwisho hupima ubishi kuliko uwezo. Mita 1500 zinampendelea mwenye kasi ya asili. Kilomita 3 huchukua wengi kati ya dakika 11 na 18, na baada ya siku mbili nyepesi unaendelea na ratiba yako. Ukihisi zitakuzidi dakika 18, tumia jaribio la dakika 12 alilolitangaza daktari Kenneth Cooper mwaka 1968 kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani: kimbia dakika 12, pima umbali. Toa 504.9 kwenye mita ulizopata, gawanya kwa 44.73, unapata makadirio ya uwezo wa mwili kutumia oksijeni, kwa mililita kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Mita 2400 zinakupa takriban 42.

Sasa uwanja. Kama una njia ya kukimbilia ya mita 400 iliyopimwa, tumia ya ndani kabisa, maana ndiyo yenye mita 400. Njia ya pili ina takriban mita 407. Kwa raundi saba na nusu umeongeza karibu mita 53, na kwa mwendo wa dakika 5 kwa kilomita hizo ni kama sekunde 16, zaidi ya maendeleo ya mwezi mzima kwa watu wengi. Usiiamini saa yenye GPS katika kuhesabu umbali uwanjani. Kwenye kona inakata au kutanua inavyotaka. Hesabu raundi, na saa ibaki kuwa saa: kila ukivuka mstari bonyeza kitufe cha raundi.

Wasio na njia iliyopimwa wana kiwanja cha mpira. Cha vipimo kamili, mita 105 kwa 68, kina mzunguko wa mita 346 ukifuata mistari, kwa hiyo kilomita 3 ni raundi 8 na mita 232. Viwanja vya mtaani havifuati vipimo hivyo, kwa hiyo azima tepu ya fundi ya mita 50 upime mwenyewe. Kona za mraba zinakula muda, hivyo usilinganishe matokeo yake na ya njia ya duara. Yalinganishe na ya kiwanja hichohicho mwezi ujao. Barabara tambarare nayo inafaa: mita 1500 kwenda, mita 1500 kurudi, ili upepo ukulipe ulichokukopa. Hapo chagua saa ambayo bodaboda bado wamelala.

Kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, maliza kabla jua halijapanda. Unyevu wa alfajiri ni mkubwa, lakini joto liko chini kuliko saa nyingine yoyote. Anayehamia Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya bahari, au Iten penye takriban mita 2,400, asilinganishe muda wa huko na wa pwani. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo kwa kila pumzi, na mbio za zaidi ya dakika mbili tatu lazima zilipe.

Lengo la kuanzia usilibuni. Wiki moja kabla, kimbia mita 800 mara tatu, ukipumzika dakika tatu katikati, zote zikitoka sawa na ya mwisho ikiwa ngumu bila kukutapisha. Chukua wastani wa mita 400 katika hizo, ongeza sekunde 3 au 4. Ukipata raundi ya 1:56, lengo lako la kilomita 3 ni 2:00 kwa raundi, yaani dakika 15 kamili. Siku mbili kabla ya jaribio pumzika au kimbia dakika 25 nyepesi. Jioni ya kuamkia jaribio kula chakula ulichozoea. Maharage sahani mbili na mbio za kasi asubuhi havijawahi kupatana. Asubuhi yenyewe ndizi moja na chai, saa nzima kabla, vinatosha.

Kupasha mwili ndiko kunakoharakishwa zaidi, na anayejipima peke yake ndiye anayeharakisha kupita wote kwa sababu hakuna anayemwona. Dakika 12 hadi 15 za mbio za taratibu kabisa. Kisha kuinua magoti, kupiga visigino nyuma, kuyumbisha miguu mbele na nyuma, kama dakika tano. Halafu mita 80 mara nne kwa kasi unayoipandisha polepole, ukirudi kwa kutembea. Mbili za mwisho zifikie mwendo wa jaribio au ziuzidi kidogo. Pumzika dakika nne au tano, anza. Ukianza baridi, raundi mbili za kwanza zitakubana kifua hata kama mwendo ni sahihi, nawe utadhani hali ni mbaya kuliko ilivyo.

Anzia kwenye mstari wa mita 200, upande wa pili wa mstari wa kumalizia, ili umalizie panapotakiwa na upate kipimo cha mapema. Kwa lengo la dakika 15, nusu raundi hiyo ya kwanza ni sekunde 60. Ukiona 54, punguza hapohapo bila kujadiliana na nafsi. Shika punje 7 za mahindi. Kila ukivuka mstari wa kumalizia dondosha moja. Mkono ukiwa mtupu, imebaki raundi moja. Inaonekana mchezo wa watoto mpaka ufike raundi ya tano, pale akili inapokataa kabisa kukumbuka kama ni ya tano au ya sita. Muziki uache nyumbani. Wimbo mzuri dakika ya kwanza ndio huwatoa watu kwenye mwendo.

Raundi za mwanzo zitakuwa rahisi kupita kiasi, na lazima ziwe hivyo. Ugumu unaanza kati ya mita 1400 na 2200. Hakuna mgongo wa kuufuata, hakuna wa kukupigia makofi, na mwendo unashuka sekunde mbili bila wewe kuhisi. Hapo usifikirie mwisho, fikiria mita 200 zilizo mbele yako tu. Joshua Cheptegei wa Uganda alipoweka rekodi ya dunia ya mita 5000 kule Monaco mwaka 2020, 12:35.36, wasaidizi wa mwendo walimwacha kabla ya nusu, akabaki na taa za pembeni ya njia zikimwonyesha kasi. Wastani wake ulikuwa kama sekunde 60.4 kwa raundi. Hata Filbert Bayi wa Tanzania, anayesifiwa kwa kutoka mbele tangu bunduki inapolia, katika rekodi yake ya mita 1500 ya 3:32.2 mwaka 1974 raundi ya kwanza ilikuwa kama sekunde 55 huku wastani wa mbio nzima ukiwa karibu 57. Anayeanza sekunde kumi mbele ya uwezo wake hamwigi Bayi.

Kichomi cha ubavuni kikibana, punguza kidogo na utoe pumzi kwa nguvu mara kadhaa. Maumivu makali ya ghafla kwenye kano au shavu la mguu, au kuhisi baridi mwilini huku jua linawaka, ni mwisho wa jaribio siku hiyo.

Ukimaliza, muda wa jumla ni nusu tu ya habari. Nusu iliyo muhimu zaidi imo kwenye raundi. Chukua wakimbiaji wawili wenye lengo la dakika 15. Wa kwanza: 0:53, kisha 1:52, 1:58, 2:04, 2:08, 2:10, 2:10, 2:06. Jumla 15:21. Wa pili: 1:00, kisha 1:59, 2:00, 2:01, 2:01, 2:05, 2:09, 2:10. Jumla 15:25. Wamepishana sekunde 4 tu, lakini hawana tatizo moja. Wa kwanza hakujipima. Alijichoma dakika mbili za mwanzo, na kilichofuata ni kulipa deni. Arudie baada ya siku kumi kwa kuanza taratibu, na huenda akapata 15:00 bila kuongeza zoezi lolote. Wa pili alikimbia vizuri, kisha stamina ikaisha mita 1800. Hiyo ndiyo sura halisi ya mazoezi ya kusuasua: kasi bado ipo, msingi umeliwa. Dawa yake ni kilomita nyepesi zaidi na mbio moja ndefu kila wiki. Akikimbilia mazoezi ya kasi kwa hasira, atapata jeraha kabla ya pumzi.

Kuna wa tatu: 1:01, raundi sita za 2:02, kisha ya mwisho 1:44, jumla 14:57. Huyu aliogopa. Tumia namba yake kama ilivyo, ila mara ijayo aanze sekunde 2 haraka kwa raundi. Na kuna wa nne anayepiga 2:00 zote lakini hata mita 200 za mwisho hawezi kubadilisha gia. Pumzi anayo, miguu imesahau kukimbia. Mlima mfupi wa sekunde 8, mara sita, mara moja kwa wiki, ukishuka kwa kutembea, unamtosha kuanzia.

Kutafsiri muda wa umbali mmoja kuwa wa mwingine kuna kanuni ya mhandisi Pete Riegel: gawanya umbali mpya kwa ule uliokimbia, pandisha jibu kwa kipeo cha 1.06, kisha zidisha kwa muda wako. Dakika 15 za kilomita 3 zinatoa takriban 25:47 kwa kilomita 5. Kanuni hiyohiyo itakutabiria nusu marathoni ya saa 1 na dakika 58 na ushee, na hapo ifunge daftari. Inadhani umejifua kwa umbali unaouliza, nawe ndiyo kwanza unarudi. Kwa mazoezi ya kila siku, mwenye dakika 15 akimbie nyepesi kati ya 6:30 na 7:10 kwa kilomita, na mbio za kasi ya kati za dakika 20 karibu na 5:30. Ukiona 6:40 inakutia aibu mbele ya majirani, pita njia nyingine.

Kabla hujaondoka uwanjani andika tarehe, saa, uwanja, hali ya hewa, raba ulizovaa, usingizi wa jana na kila raundi. Jaribio lijalo liwe baada ya wiki nne hadi sita, uwanja uleule, saa ileile, raba zilezile.