Kabla hujathibitisha chuo, dogo

Dirisha la udahili likifunguliwa, simu yangu haipumziki. Juzi dogo mmoja kanitumia jedwali: UDSM, UDOM, SUA, Mzumbe, na mbele ya kila chuo tarakimu moja tu, ada. Kapigia mstari ile ya chini kabisa. "Kaka, si niende huku?" Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana jedwali kama hilo niliwahi kulichora mimi, nyuma ya daftari la Form Six.

Ada za vyuo vya umma zinakaribiana. Shahada nyingi zinacheza kati ya milioni moja na moja na nusu kwa mwaka. Kinachokuua kiko kwingine.

1. Soma maelekezo ya kujiunga hadi ukurasa wa mwisho. Fedha ya TCU (tume ya vyuo vikuu) 20,000, bima, kitambulisho, chama cha wanafunzi: hivyo vyote vinakudai kabla hujaonja boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu.

2. Kitanda. Hapa mnivumilie. Nilipata nafasi vyuo viwili: kimoja Dodoma, hosteli kibao, na kingine Dar, ada pungufu kwa 200,000. Nikathibitisha cha Dar, nikajiona mchumi. Mkopo ulipotoka, Bodi ya Mikopo ikalipa ada yote. Yaani ile laki mbili niliiokolea Bodi! Kitanda nacho nilikikosa, kwa kuwa nilingoja boom ndipo nilipie, wakati wenzangu walishauza mpaka mbuzi wa nyumbani wakalipia mapema. Wiki tatu nikabebwa na mshikaji, tunalala mzungu wa nne kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, na jamaa alikuwa anacheza mpira kila jioni.

Boom enzi hizo 8,500 kwa siku, kwa hiyo miezi miwili 510,000. Nilisaini huku natabasamu. Mwenye nyumba Mbagala akataka kodi ya miezi sita, 60,000 kwa mwezi, mkononi. Zikabaki 150,000 za siku 60. Ndiyo 2,500 kwa siku, na nauli ilikuwa daladala mbili kwenda, mbili kurudi, 400 kila moja. Nilibaki na 900. Nikawa napiga pasi ndefu hadi saa kumi, kisha mihogo, kachumbari naongezewa bure kwa huruma ya mama muuzaji. Kila kikao cha wanafunzi chenye soda nilikijua. Mama yangu akipiga simu, "Umekula, mwanangu?" najibu nimeshiba. Semista hiyo nikala sup mbili, yaani mitihani ya marudio, moja ya takwimu. Takwimu, jamani!

3. Field, yaani mafunzo kwa vitendo: uliza utapelekwa wapi, na nani analipia nauli.

4. Sasa boom kamili ni 10,000 kwa siku na mnatembea kifua mbele. Si kila mtu anapata kamili. Angalia ulichopangiwa kwenye akaunti yako ya Bodi ndipo upige hesabu. Na ni mkopo, mimi mpaka leo mshahara unakatwa 15%, nikiwaza ile mihogo.

Jana dogo kaleta jedwali jipya. Lina safu ya kitanda, nauli, chakula, hata basi la kurudi kwao Songea. Safi sana. Ila kwenye chuo chake kipenzi, safu ya kitanda kaandika: "Kubebwa, sh. 0." Nimempigia palepale aifute.